Hoteli ya Osob Yaondoka na Wateja Wake

Kwa wale walioniandikia wiki nzima kuuliza kama chai ilimwagika, jibu ni kwamba ilimwagika, lakini si yote. Osob alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili lori lilipovuta mnyororo, na mwanamke aliyewahi kuukimbia mto uliofurika akiwa na sufuria kichwani haangushwi na lori la kubeba mbuzi.

Kilichomwagika kilimwagikia Mzee Kulow, kwenye kikoi, karibu na goti. Hakulalamika. Aliweka kikombe chini, akachungulia dirishani, akaona nguzo za umeme za mji wa Garissa zikirudi nyuma moja baada ya nyingine.

"Nilijua," alisema. "Nilijua siku moja litaondoka."

Kama umeingia leo kwenye hadithi hii, shika hapa kabla hatujatoka mjini. Hilo lilikuwa basi, na halikuwa na injini. Lilikuwa hoteli.

Osob alikuwa na mbuzi na ngamia kule Bura, ukame ukawamaliza. Akahamia Garissa mjini, akafungua hoteli ya mabati kando ya mto. Tana ikafurika, ikachukua mabati, meza, na kila chombo isipokuwa sufuria aliyokimbia nayo. Kisha mumewe Deeq, dereva wa basi la Garissa na Wajir, akaugua. Injini ya basi ikauzwa kulipia hospitali. Injini ikaenda, na Deeq naye akaenda. Vikabaki bodi, viti na mjane.

Eda ilipokwisha, ndugu walikaa kikao wakakubaliana kwamba Osob sasa apumzike. Osob alipumzika mpaka adhuhuri. Alasiri aliingia ndani ya basi, akang'oa viti vya nyuma, akaweka jiko.

Ikawa hoteli. Mbao zililazwa kati ya viti zikawa meza. Mteja akitaka chai anabonyeza kengele ya kushuka. Kila Ijumaa Osob alijaza upepo magurudumu, kwa sababu Deeq hakupenda kuona gurudumu limelala, na hakuna aliyethubutu kumuuliza faida yake. Faida yake ilionekana leo. Yarow, dereva wa lori mwenye ndevu za hina, alipofunga mnyororo na kukanyaga mafuta, basi liliteleza kama jipya.

Yarow alikuwa amesema wazi kwamba ametumwa na mwenye basi alichukue, na akawaambia wote washuke. Hakuna aliyeshuka. Wateja walikuwa hawajamaliza kula. Osob naye aliamini hakuna mtu anayeweza kuvuta hoteli yenye watu ndani. Yarow aliamini hakuna mtu anayeweza kubaki ndani ya hoteli inayovutwa. Wote wawili walikosea.

Aliyekosea zaidi ni Idman, binti wa kaka yake Osob. Idman alikuwa amekuja kutoka Eastleigh na agizo moja la baba yake: usirudi bila shangazi yako. Alikuwa akisaidia kupokea pesa za wateja huku akisubiri nafasi ya kumshawishi, na mahali pa kupokelea pesa palikuwa kiti cha dereva. Sasa usukani mbele yake ulianza kuzunguka wenyewe.

"Eedo," aliita, maana ndivyo Wasomali wanavyomwita shangazi wa upande wa baba. "Usukani unazunguka."

"Ushike."

"Sijui kuendesha."

"Halina injini. Hakuna cha kuendesha. Shika tu."

Idman alishika. Lori lilikata kona kwenye mzunguko, na basi likataka kwenda moja kwa moja kwenye duka la magodoro. Idman alining'inia kwenye usukani kwa uzito wake wote. Basi lilipita, likibeba godoro moja kwenye kioo cha pembeni.

"Breki ziko wapi?"

"Zilikwenda na injini," Osob alisema, huku akimwongezea Mzee Kulow chai badala ya ile iliyomwagika. "Mwambie huyo mtu aende polepole."

"Nitamwambiaje?"

Osob alinyoosha kidole. Nyuma ya lori, kwa rangi nyekundu, kulikuwa kumeandikwa: *Ukiona dereva anaendesha vibaya, piga simu.* Na nambari chini yake.

Osob alipiga. Mbele yao walimwona Yarow akitafuta simu mfukoni, lori likayumba, basi likayumba nalo.

"Haloo, nani?"

"Hoteli."

"Hoteli gani?"

"Hoteli uliyoifunga mnyororo. Unaendesha vibaya."

Mkono wenye saa ulitokea dirishani kwa Yarow, ukarekebisha kioo cha pembeni, na katika kioo hicho Idman aliona macho mawili yakifunguka.

"Mko ndani?"

"Tulikuambia hatushuki."

"Nilifikiri mmeruka. Watu wote huruka."

"Simamisha basi."

"Walaal, ndugu yangu, nikisimama mtafungua mnyororo. Mimi nimepewa kazi. Nashusha Modogashe, nachukua ujira wangu, naenda nyumbani."

"Modogashe," Osob alirudia. "Mwenye basi yuko Modogashe?"

"Mama mmoja. Pale njia panda."

Idman alisubiri shangazi yake apige kelele, au amwombe. Moyoni, na hili hatamwambia mtu, alikuwa ameanza kushukuru kidogo. Basi likienda, hoteli imekwenda. Hoteli ikienda, Eedo hana budi kupanda gari la Nairobi. Tatizo lilikuwa linajimaliza lenyewe, mradi yeye asiligonge lori.

Lakini Osob alikuwa amefunika simu kwa kiganja, anafikiri.

"Sawa," alimwambia Yarow. "Twende. Nataka kumwona huyo mama aliyezaa basi langu. Lakini endesha polepole, nina wali jikoni."

Akakata simu. Akawageukia wateja.

"Anayetaka kushuka aseme sasa."

Hakuna aliyesema. Vijana wawili wa soko la mifugo walikuwa wameshaagiza nyama ya ngamia. Mzee Kulow alikuwa ameweka fimbo yake juu ya rafu ya mizigo, na kwa namna alivyojikunja kitini ilionekana anajiandaa kulala mpaka mwisho wa safari.

"Adeer Kulow, wewe unaenda wapi?" Idman alimuuliza, akimwita ami kwa adabu.

"Unaniuliza mimi?" alisema mzee. "Mimi nimepanda tu."

Nje ya mji, wanawake wenye madumu ya maziwa waliokuwa wakingoja usafiri kando ya barabara waliona basi la zamani la Deeq likija. Walisimama, wakapunga mikono. Yarow alipunguza mwendo kwa ajili ya tuta, na kabla ya Idman kufungua mdomo wanawake walikuwa wameshaingia, madumu na yote.

"Nauli ngapi?" aliuliza wa kwanza.

"Nauli hakuna," Osob alisema. "Kuna chai, anjera, wali na nyama. Ukikaa, unaagiza."

Mwanamke alimtazama, akatazama mbao, akatazama jiko linalowaka nyuma.

"Basi la bure ila chai ya kulipia," alimweleza mwenzake. "Nairobi imefika."

Simu ya Osob ililia. Alikuwa Yarow.

"Lori limekuwa zito. Kuna nini huko?"

"Wateja."

"Wateja wametoka wapi? Tuko porini."

"Wewe vuta."

Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka kizuizi cha polisi. Afisa aliyekuwa zamu alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Kisii, na tangu asubuhi alikuwa hajaona chochote isipokuwa malori na upepo. Aliona lori. Akaona mnyororo. Akaona basi lenye watu, na moshi ukitoka mkiani, na harufu ya iliki. Akainua mkono.

Alianza na Idman. "Dereva, leseni."

"Mimi si dereva, afande. Mimi napokea pesa."

"Na hicho umeshika ni nini?"

"Usukani."

"Umeushikia nini?"

"Unazunguka."

Afisa aliingia ndani. Watu walimsalimu, mdomo umejaa. Alisimama katikati ya njia na mikono kiunoni, akitafuta kosa la kuanzia, kama mtu aliyepewa sahani kubwa mno.

"Nani mwenye hii gari?"

Osob alitoka jikoni akijifuta mikono. Aliacha Kisomali chake kizuri, akaingia katika Kiswahili chake cha sokoni, ambacho kilikuwa kifupi na hakikuogopa mtu.

"Karibu, afande. Hii si gari. Hii hoteli. Cheti ya afya iko hapo juu ya dirisha, soma."

Afisa alisoma. Cheti kilikuwa halali.

"Mama, hili ni basi. Lina abiria."

"Ilikuwa basi. Bwana yangu alikufa, ikakuwa hoteli. Hawa si abiria, ni wateja. Huyu anakula, huyu anakunywa, huyu mzee analala lakini alikunywa."

"Pole sana, mama."

"Asante. Chai ya maziwa ama ya rangi?"

"Ngoja kwanza," afisa alisema, lakini kwa sauti iliyopungua. "Kama ni hoteli, kwa nini inatembea?"

"Usiniulize mimi. Mimi nimevutwa. Uliza huyo wa lori."

"Na mikanda? Watu hawajafunga mikanda."

Mzee Kulow alifungua jicho moja. Aliinua shati, akamwonyesha mkanda wake mpana wa ngozi unaoshika kikoi, kisha akalifunga jicho tena.

Afisa alitoka nje kupiga simu kwa mkubwa wake. Kupitia dirishani walimsikia vizuri.

"Mkubwa, hapa nina hoteli. Ndiyo, hoteli. Inaelekea Modogashe. Hapana, mkubwa, si hoteli ya Modogashe, ni hoteli ya Garissa, inaelekea Modogashe. Inavutwa." Akasikiliza. "Chai tu ya asubuhi, mkubwa. Sijanywa kitu kingine."

Alirudi ndani ameshuka mabega. Aliketi nyuma ya Mzee Kulow, akanywa chai ya maziwa vikombe viwili, akala anjera, akalipa kama mtu yeyote, na kabla ya kushuka alibonyeza kengele kwa heshima. Kizuizi kiliinuliwa.

Tungependa kusema kwamba safari iliendelea hivyo. Lakini mbele kidogo twiga walivuka barabara.

Hawakuwa na haraka. Walitoka vichakani kwa mstari, shingo zikipepesuka, na yule wa mwisho alisimama katikati ya lami kulitazama lori. Yarow alikanyaga breki. Lori lina breki. Basi, kama mnavyokumbuka, halina.

Idman aliona mgongo wa lori ukija. Aliona ile nambari ya simu ikiwa kubwa, kubwa zaidi, akakata usukani kulia kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Mnyororo ulikatika kwa mlio mmoja. Hoteli iliacha barabara, ikapita juu ya vichaka vya miiba, ikaruka kijimfereji, ikatambaa kwenye mchanga, na ikasimama na pua yake ikiwa imebusu kichuguu.

"Tumefika?" aliuliza Mzee Kulow.

Hakuna aliyeumia. Wanawake wa maziwa walikuwa wamekumbatia madumu yao na hakuna tone lililopotea. Jiko lilikuwa limefungwa kwa waya, likabaki mahali pake. Lakini sufuria kubwa ya wali, ile ile iliyotoka mtoni, ilikuwa imeruka kupitia mlango wa nyuma. Ilikuwa imelala ubavu mchangani, wali umemwagika mbele yake mweupe, na korongo wenye vipara, ambao hakuna anayejua hutokea wapi, walikuwa wameshafika wawili na wanajadiliana.

Osob alishuka. Aliitazama sufuria. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamezama mchangani. Barabarani, lori lilikuwa bado linateleza mbali huku Yarow akitafuta mahali pa kugeuza. Osob alikaa chini, pale pale kwenye jua, mikono imelala mapajani.

Idman alimfuata akakaa kando yake. Aliona mikono ile haifanyi kitu. Hakuwahi kuiona bila kazi, hata siku ya mazishi.

Hii ndiyo nafasi, alijiambia. Kama haitakuwa sasa, haitakuwa tena.

"Eedo, twende Nairobi. Baba amekuandalia chumba."

Osob hakumtazama. "Chumba kina nini?"

"Kitanda kizuri. Dirisha. Choo ndani. Kuna televisheni. Hutapika, hutafua, kila kitu utaletewa."

"Sasa asubuhi nitafanya nini?"

Idman alichora mstari mchangani kwa kidole.

"Nakuuliza kweli," Osob alisema. "Siku ngamia wa mwisho alipokufa, nililala nikifikiri sitaamka. Nikaamka. Mtu akiamka anataka chai, nikachemsha maji. Mto ulipochukua hoteli, tulilala shuleni, watu wengi, na asubuhi watu wanataka chai. Nikachemsha maji. Tulipomzika Deeq, alfajiri yake niliamka nikamwekea kikombe chake. Nikakaa nacho. Halafu jirani akapita, akakinywa." Aliutazama wali mchangani. "Huko kwenu kila kitu nitaletewa. Basi nikiamka nitakaa na kile kikombe mpaka lini?"

Korongo mmoja alionja wali. Idman alikuwa na maneno ya baba yake yote kichwani, yamepangwa vizuri tangu Eastleigh, na hakuna hata moja lililofaa. Alijikuta anainuka. Alivua kiatu akamrushia korongo, akamkosa, akaenda akaiokota sufuria, akaikung'uta mchanga.

"Haijatoboka," alisema.

Osob aliipokea akaikagua mwenyewe, ndani na nje, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mchele uko chini ya kiti cha kondakta," alisema mwishowe. "Leta gunia lote."

Kwa hiyo Yarow aliporudi, akikimbia kwa miguu kutoka barabarani, akitarajia maiti na kilio, alikuta watu wamepanga mstari kwa swala ya adhuhuri kwenye kivuli cha basi, na jiko linafoka mvuke. Alijiunga na mstari wa nyuma. Ilipokwisha swala alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Walaal, nisamehe. Wallahi nilifikiri nimewaua."

"Hujaua mtu. Umekula?"

"Tangu jana usiku bado."

"Kaa. Lakini utasukuma."

Yarow alikula kwanza sahani moja kwa aibu, na ya pili bila aibu. Vijana wa soko la mifugo walichota mchanga kwa sahani. Wanawake wa maziwa walikata matawi yasiyo na miiba wakayalaza nyuma ya magurudumu. Mzee Kulow alipewa kazi ya kuhesabu moja, mbili, tatu, na kila akifika mbili alisahau, lakini mara ya nne watu walisukuma kwa hasira na basi likatoka.

Yarow alipokuwa akiunganisha mnyororo kwa waya na boliti, Osob alisimama juu yake.

"Huyo mama wa Modogashe. Jina lake?"

"Saynab."

"Basi langu analitakia nini?"

"Alisema tu ni lake. Mimi nilimuuliza, mama, una hakika? Akasema, nina hakika kuliko wewe ulivyo na hakika na lori lako. Na lori langu, nikuambie ukweli, ni la shemeji yangu. Nikanyamaza."

"Ni mwizi," Idman alisema. "Amesikia hoteli ya basi inaingiza pesa, naye anataka yake."

Idman ndiye aliyesema hivyo, yule yule ambaye asubuhi alikuwa anashukuru moyoni. Alisikia sauti yake mwenyewe ikasirika, akashangaa kidogo. Kisha akapanda, akakaa kwenye kiti cha dereva bila kuambiwa.

Njia yote iliyobaki Osob alikuwa akijipanga. Idman alimsikia nyuma akikata vitunguu na kunong'ona kesi yake: basi hili lilinunuliwa na mume wangu kwa ngamia wa baba yangu. Injini niliuza mimi. Dawa nililipa mimi. Nilimwosha kwa mkono huu. Kila alipofika mwisho alirudi mwanzo, na kila aliporudi kisu kilikwenda kasi zaidi. Mpaka Modogashe ilipoonekana, vitunguu vilikuwa vimeisha na alikuwa anakata kabichi.

Waliingia alasiri. Malori yalikuwa yamepangwa njia panda, ya Isiolo huku, ya Wajir kule, na madereva waliinuka kwenye vivuli kutazama basi lisilo na injini likishusha wanawake wa maziwa mbele ya msikiti kwa utaratibu kabisa. Wote waliaga. Mmoja aliuliza linarudi lini.

Kisha umati ukaachia njia, na mwanamke akaja.

Alikuwa wa makamo, mnene kidogo, jilbabu ya kijani imefifia mabegani. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubavu wa basi akaweka kiganja, kama mtu anavyomgusa ngamia aliyepotea akarudi.

Osob alishuka na kesi yake yote mdomoni.

"Wewe ndiye Saynab."

"Ndimi. Na wewe ni Osob."

Hakuuliza. Alisema, kama mtu anayetaja jina la jirani. Kesi ya Osob ilikwama.

"Unanijuaje?"

"Alikutaja. Kila nikimpikia wali alisema ni mzuri, lakini si kama wa Osob. Miaka yote hiyo." Saynab aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Deeq alikuwa mume wangu. Lile basi likiharibika njiani, lilikuwa linaharibikia hapa."

Idman aliangalia kilichotokea usoni mwa shangazi yake na hakupenda kukiangalia. Osob alikuwa anahesabu. Alikuwa anapita juu ya miaka yote ya simu za Deeq zilizosema radieta, na simu zilizosema springi, na zile zilizosema tairi, fundi hayupo, nitafika kesho inshallah. Na chakula alichokuwa akiweka kando na kukifunika.

Basi lile lilikuwa limeharibika sana.

Yarow alirudi nyuma hatua kadhaa, polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu. Mzee Kulow peke yake alibaki dirishani, viwiko vimetokeza nje.

"Ndiyo maana nilisema," aliwaambia madereva, ingawa hakuwa amesema chochote.

Osob aliketi kwenye ngazi ya basi. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Idman aliisikia mara moja tu leo, kule mchangani.

"Tangu afe, umeishije?"

"Nilikuwa na kibanda cha chai. Kiliungua." Saynab alijifuta uso kwa ncha ya jilbabu. "Sikutaka kukunyang'anya. Nilisikia basi limebaki tupu, linaota jua. Nikasema nami nina fungu langu la urithi, nitaweka jiko ndani. Hakuna aliyeniambia limeshawekwa."

Walitazamana. Harufu ya wali ilitoka mlangoni ikapita kati yao.

"Umekula?" Osob aliuliza.

Umati ulipumua. Idman alishusha mabega. Alianza hata kutabasamu, na alikuwa ameshageuka kuchukua sahani, aliposikia Saynab anakohoa kidogo, kama mtu aliyebakiza neno.

"Tungoje kwanza, dada yangu. Tutakula pamoja. Mke mwenzetu wa Eldas yuko njiani."

"Wa Eldas," Osob alirudia.

"Tulijuana kwenye simu, baada ya msiba. Ni mtu mzuri, ila ana haraka. Yeye alisema hataki bodi. Anataka viti na magurudumu."

Osob aliinuka. Upande wa barabara ya Wajir, nyuma ya malori, vumbi lilikuwa linapanda juu, pana na zito kuliko vumbi la gari.

"Anakuja na nini?"

"Na trekta," alisema Saynab.

Osob alilitazama lile vumbi kwa muda. Kisha akafunga shashi yake ya kichwani upya, akaikaza.

"Idman," alisema, "ongeza mchele. Na lete jiwe kubwa uweke nyuma ya gurudumu."